Vidole Vitatu vya Daktari wa Boko

Kiwalani ukitaka kuongea jambo la maana, liongee kwa vipande. Ndege zinashuka juu ya mabati yetu chini kiasi kwamba unaona matairi, na kila ikipita moja, benchi la Mzee Salumu muuza kahawa linanyamaza lote. Aliyekuwa anaongea ananyanyua kidole kulinda zamu yake, ndege inapita, kidole kinashuka, maneno yanaanzia pale pale yalipokatikia. Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, mbele ya gereji ya Brightson, fundi pikipiki aliyeacha shule kidato cha pili na bado anaitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe akalisambaza mwenyewe. Kulia kwake hukaa Praygod, muuza vifaa vya simu, mwembamba kama waya, ndiyo maana anaitwa Chaja. Kushoto ni Kasimiri, aliyegombea uenyekiti wa mtaa akaangushwa vibaya, akabaki na koti la kampeni na jina la Mheshimiwa. Siku hiyo pembeni kulikuwa na mgeni, Lusungu, mpangaji mpya kutoka Mbeya, anasubiri pancha ya pikipiki yake izibwe. Tangu akae alikuwa kasema shikamoo kwa Mzee Salumu, basi.

Pancha yenyewe ilikuwa haizibwi. Brightson kashika spana lakini hakuna alichokuwa anafungua. Macho yote kona ya mtaa, iliko nyumba yake, kule atakakotokea mkewe.

— Leo haendi, akasema.

— Nani? Chaja akauliza, na anajua vizuri sana.

— Noela. Boko haendi tena. Mie ndo mwanaume mle ndani.

— Umemwambia yeye, au ndo unatuambia sie?

Brightson akamwangalia kwa jicho la mtu anayetafuta bisibisi ya kumrushia.

Kilichokuwa kinamla ni hiki. Masika yaliyopita, ukuta wa godauni moja la ufuta uliwaangukia kinamama waliokuwa wanachambua humo, Noela akiwemo. Alitoka bila kuvunjika hata kidole. Ila tangu siku hiyo alikuwa hasikii ndege akatulia. Ndege ikivuma, yeye kashaingia uvunguni, mikono kichwani. Brightson alimwambia kwa upole aache uoga. Akamwambia kwa ukali. Akamwambia kwa utani mbele ya majirani, maana utani ndo dawa yake ya kila ugonjwa. Wapi! Kisha shoga yake mmoja akampeleka Boko, kwenye nyumba yenye bustani, kwa Daktari Revelian, Mhaya aliyesomea tiba za Kichina hukohuko China, anayefanya kazi na dada mmoja, Genoveva, aliyerudi kutoka Ujerumani na elimu ya kutibu hofu kwa kupitia mwili wenyewe. Amekwenda mara chache tu. Na juzi ikapita ndege kubwa, ile inayotikisa vyombo kabatini, Noela kasimama mlangoni, mkono kifuani, kaitazama mpaka mkia, halafu karudi jikoni kukoroga mboga.

Mtu mwingine angechinja kuku. Brightson alinuna mpaka jioni.

— Kwani huko anafanywa nini hasa? Mheshimiwa akauliza, huku anajiweka sawa kama kikao kimeanza.

— Anamshika mkono.

— Mkono?

— Hapa. Brightson akaonyesha kifundo. Vidole vitatu. Anamshika, ananyamaza, anasikiliza. Noela kanielezea mwenyewe, bila hata aibu! Eti mapigo ya damu yanamsimulia daktari mwili mzima.

— Ananyamaza muda mrefu?

— Mrefu, kaka.

— Mie wangu nikimshika mkono nikanyamaza, Chaja akasema, ananiuliza nimevunja nini.

— Ndugu wajumbe, akasema Mheshimiwa, hapa kuna hoja. Daktari wa kawaida anakuuliza unaumwa wapi. Huyu haulizi, anashika. Mwanaume anayepata majibu bila kuuliza ni hatari kwa ndoa zetu zote.

— Halafu kamwambia hofu inakaa kwenye figo.

— Kwenye figo?

— Huzuni mapafuni, hasira kwenye ini, hofu kwenye figo. Ndo Wachina wanavyosema.

— Basi kwenye ini langu kakaa mwenye nyumba wangu, Chaja akasema, na hataki kuhama.

Mzee Salumu akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa. Brightson hakucheka. Alikuwa kafungua mdomo, ndege ikaja. Akanyanyua kidole. Na wote wanne, bila kuambizana, wakageuza shingo kutazama mlango wa nyumba yake, waone kama kuna mtu atakimbia. Hakukimbia mtu. Ndege ikapita zake uwanjani, kidole kikashuka, na uso wa Brightson ukashuka nacho.

— Mnaona? Mie nimemwambia miezi yote hiyo aache uoga. Sauti nikaharibu. Yule kamchoma visindano viwili vitatu, kaacha!

— Wanachomaga wapi?

— Sikioni, mkononi, mguuni. Nyembamba kama unywele. Haziumi, anasema. Mara ya pili kalala nazo.

— Kalala?

— Usingizi, Chaja! Na dada Genoveva yupo humohumo!

— Mie sijasema kitu, Injinia. Nimeuliza tu kama kalala.

— Na mgongoni je? Mheshimiwa akadakia, maana habari za mgongo zilishavuja jana. Waeleze wajumbe.

Brightson akapunguza sauti, jambo lisilo la kawaida yake.

— Ana maduara. Mekundu yaliyoiva, yamepangwa huku na huku, kama vile mtu kamgongea mihuri.

— Si hijama hiyo, mwanangu? Mzee Salumu akasema. Wazee wetu waliumika kwa pembe.

— Hijama wanachanja, Mzee Salumu. Hii haina chale hata moja. Vikombe vikavu, vya kufyonza ngozi tu.

— Basi kama ni vikombe, ni vikombe. Wewe wataka viwe nini?

Alichotaka viwe hakukitaja, lakini benchi zima lilikuwa linakifikiria kwa furaha.

— Muhuri, akasema Mheshimiwa taratibu, haupigwi bure. Mie nimezunguka ofisi, nawaambia. Muhuri ni umiliki.

Spana ikaanguka.

— Mwambie na la ukuta, Chaja akachochea.

— Anasukuma ukuta. Chumbani. Anasimama hivi, viganja viwili, anasukuma polepole, anapumua. Dada Genoveva kamfundisha. Eti siku ile mwili ulitaka kusukuma ukashindwa, kwa hiyo mpaka leo mikono inangoja kumalizia kazi yake. Akishasukuma anatetemeka. Akitetemeka analia kidogo. Halafu anacheka, halafu anasema ana njaa.

— Anakula?

— Ananishinda mie!

— Huyo yuko mazoezini, akahukumu Mheshimiwa. Leo anasukuma ukuta, kesho anakusukuma wewe na begi lako.

— Nyie hamjui teknolojia, Chaja akasema, kasimama kabisa. Mchina anatengeneza simu, atashindwa kutengeneza sindano yenye mtandao? Ile sindano ni antena! Shemeji yuko hapa Kiwalani, daktari yuko Boko anasoma chaji yake kwenye kioo. Ndege ikikaribia, kule wanabonyeza, wanamzimia mtandao, kama abiria wanavyozima simu. Utashtuka vipi umezimwa?

— Sasa hilo ni dogo, Mheshimiwa akasema, maana hakupenda kuzidiwa. Kubwa ni hili. Wanawatoa uoga wake zetu, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke asiyeogopa ndege, ndugu wajumbe, ataogopa mume?

Hiyo ilimpata Brightson penyewe. Akasimama, akajipiga kifua, alama ya grisi ikabaki kwenye fulana.

— Mie ndo niliyemtoa chini ya ule ukuta! Mie! Revelian alikuwa wapi? Alikuwa anapima mapigo ya nani?

Hapo benchi likakaa vizuri. Simulizi hii wanaijua na wanaipenda. Brightson anakimbia kutoka gereji na spana mkononi, anafika godauni, watu wanalia, yeye hasemi na mtu, anaikamata nguzo ya zege, anainyanyua, anamvuta mkewe kwa mkono mmoja. Nguzo, alipoanza kusimulia, ilikuwa ya kubebwa na watu wawili. Siku hiyo ilifika ya watu sita, na nondo zake kazipinda kwa goti. Ukweli, na Chaja alikuwepo, ni kwamba walimkuta Noela kashatolewa, kakalishwa juu ya ndoo, kajaa vumbi jeupe mpaka kope, mkononi soda aliyopewa na mtu na hainywi. Lakini Chaja alishapewa nafasi nzuri kwenye simulizi, yeye ndo anazuia umati, kwa hiyo hapingi.

— Samahani, kaka.

Wakageuka. Lusungu. Walikuwa wamemsahau.

— Nimesikia kuna kinamama wawili hawakutoka pale.

— Ee, wawili, Mungu awarehemu, Brightson akasema haraka, maana kwenye simulizi yake hawakuwa na mahali.

— Sasa shemeji, mle chini, alikuwa na nani?

— Na nani vipi?

— Kabla hujafika. Alikuwa peke yake, au alikuwa na mtu?

Hakuna ndege iliyopita, lakini benchi lilinyamaza kama imepita. Brightson akamwangalia Chaja. Chaja akamwangalia Mheshimiwa. Mheshimiwa, mwenye majibu hata ya maswali ambayo hayajaulizwa, akaanza kupangusa koti. Mzee Salumu akaacha kugonganisha vikombe.

— Injinia ndo anajua, Chaja akasema.

— Najua, akasema Brightson.

Hakujua. Simulizi yote aliijua kuanzia nje ya ukuta kuja nyumbani. Kuanzia ukuta kwenda ndani hakuwa na neno hata moja. Noela aliwahi kuanza, wiki ile ya kwanza, akasema "Mle ndani, Brighty," na yeye akamkatisha, akamwambia yameisha, shukuru Mungu uko mzima, akamfanyia kichekesho. Na sasa wivu ukamrudia upya, mbaya kuliko ule wa mgongo na ule wa usingizi. Si mkono tena. Ni kwamba huenda yule Mhaya, kwa vidole vyake vitatu na kimya chake, anajua alikuwa na nani.

— Huyo kaja, Mzee Salumu akasema.

Noela alikuwa anatokea kona, dera la bluu, mkoba begani, hatua za mtu anayejua anakokwenda. Akamwamkia Mzee Salumu kwa mbali, akawapungia wengine, akasimamisha bajaji ng'ambo ya barabara.

— Nenda sasa, Mheshimiwa akanong'ona. Msimamo ni ule ule. Serikali haitetereki.

Brightson akavuka barabara na kifua mbele. Mdomoni alikuwa na "huendi" tayari, kailamba kabisa. Kafika, kashika bomba la bajaji, mkewe kainua macho, na macho yale yalikuwa hayamwogopi na wala hayamchukii. Yalikuwa yanamsubiri tu.

— Noela.

— Abee.

— Mle chini. Ulikuwa na nani?

Noela alimtazama kwa kituo. Halafu akatazama nyuma yake, benchini, ambako shingo tatu zilikuwa zimerefuka kama za bata, Chaja kashika sikio kabisa kulielekeza.

— Unauliza unataka kujua, akasema, au unataka ukawasimulie wale?

Brightson akafungua mdomo. Mdomo ule ambao tangu shule walimu waliuchoka, ambao umenyanyua zege la watu sita, safari hii haukuleta kitu. Akasimama hivyo, kashikilia bomba, dereva anapiga resi kumharakisha. Noela akachukua mkoba wake uliokuwa kwenye siti, akaupakata. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Hakumwambia panda, hakumwambia rudi.

Akapanda.

— Kahongwa! Mheshimiwa akalia pale benchini. Wajumbe, tumesalitiwa!

Na pancha ya Lusungu ikabaki haijazibwa.

Kesho yake watu waliwahi kuliko ndege ya asubuhi. Brightson alikuja, akaziba kwanza pancha ya Lusungu bila maneno, akanawa mikono, akakaa. Mzee Salumu akammiminia yeye wa kwanza.

— Enhe, akasema Chaja.

— Enhe nini?

— Jana, Injinia! Umeondoka hapa mchana, umerudi na giza. Kakwambia?

— Kaniambia.

— Alikuwa na nani?

Brightson akazungusha kikombe. Wanaomjua walimwona anavuta pumzi, ile ndefu ya kuanzia simulizi, na wote wakasogea. Pumzi ikapanda, ikakaa, ikatoka tupu.

— Alikuwa na mtu. Ana jina lake. Hapa silitaji.

— Hata sie?

— Hata nyie.

Akamaliza kahawa, akamshukuru mzee, akarudi kwenye pikipiki zake. Chaja akabaki anamtazama kama mtu aliyefika kwa jirani akakuta mlango umefungwa kwa ndani na shughuli inaendelea. Miaka yote hiyo kashirikishwa kila kitu cha nyumba ile, mpaka na mgongo.

— Wamemchoma ya ulimi, Mheshimiwa akamnong'oneza. Nakwambia, kuna sindano ya ulimi.

Chaja akanywa, akatema machicha ya kahawa, akazidi kumtazama Brightson aliyekuwa anafungua nati polepole, uso umetulia kabisa.

— Hivi, akauliza mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, pale Boko wanapokeaga hata ambaye haumwi?