Basi la Garnet Lisivuke Mpaka

Mbele ya kituo cha mafuta cha Vesely, mji mdogo wa Wacheki na mahindi magharibi mwa mto Missouri, kuna benchi lililong'olewa kwenye uwanja wa besiboli mwaka ule mji ulipokosa vijana wa kutimiza timu. Limebanwa kati ya mlango na sanduku la barafu, na ukutani juu yake kuna misumari ya kutundikia vikombe, kila mtu na chake, na ole wako uguse cha mwenzio. Kikombe cha kwanza cha kahawa unalipia, kuanzia cha pili ni hisani ya duka. Wenye benchi ni watatu. Delbert Sobotka aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, wanamwita Breki. Lumir Hajek ni mjumbe wa bodi ya shule, wanamwita Mheshimiwa kwa kumtania, naye huitika kwa dhati kabisa. Na katikati yao hukaa Ardith, mjane wa marehemu kaka yake Breki, wanamwita Redio, na sababu utaijua mwenyewe ukikaa naye dakika mbili.

Asubuhi hiyo ya Aprili, upepo ukipeperusha kofia za watu, Redio alifika na sahani ya kolache, vile viandazi vyenye jamu katikati. Kabla hata ya salamu akaiweka kwenye mapaja ya Mheshimiwa.

— Hiyo ni rushwa au kifungua kinywa? Breki akauliza.

— Ni ujirani mwema. Kula, Mheshimiwa. Vya mbegu za popi viko upande wako.

— Mimi nina upande gani?

— Wewe huna kura. Kunywa kahawa yako, shemeji.

Kisha Redio akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti, akaipiga pasi kwa kiganja. Majina sitini na matatu, yote na sahihi. Mengine aliyapata baada ya misa, mengine kwenye bingo, na mawili aliyapata kwa daktari wa meno, wenyewe hawawezi kusema kitu ila kuitikia kwa kichwa.

— Soma kichwa cha habari, akasema.

Mheshimiwa akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kikao:

— "Sisi wakazi wa wilaya ya shule ya Vesely tunaiomba bodi yetu isiruhusu basi la Garnet kuvuka mpaka."

— Basi. Hayo tu. Siombi mbingu.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Majira ya baridi bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya ya shule za umma. Mtoto wa wilaya moja sasa anaweza kwenda kusoma wilaya nyingine yoyote, mradi nafasi ipo, na wilaya yake haina ruhusa ya kumshika shati. Wanasheria wa shule walizunguka wakisoma kurasa zake thelathini na nane hadi mate yakawakauka. Mtu wa kwanza wa Vesely kuitumia sheria hiyo alikuwa Brynn, mjukuu wa Redio, mwenye miaka kumi na mitatu. Brynn anapenda mieleka kuliko chakula. Garnet, mji jirani, maili ishirini na mbili kutoka hapo, kuna timu ya mieleka ya wasichana. Vesely hakuna. Barua ya kumkubali ilifika Jumatano.

Lakini tuseme ukweli, si mieleka iliyomkosesha Redio usingizi. Garnet ndiko anakoishi Loretta Vondra, mama mzazi wa mkwe wake, yaani bibi wa pili wa Brynn.

Kila siku ya shule, saa tisa na dakika ishirini, basi la njano husimama mbele ya nyumba ya Redio. Brynn huingia, hutupa begi, hula mkate wa siagi ya karanga na matango ya siki, na kusimulia kila kitu hadi saa kumi na mbili: mwalimu gani kalia chooni, nani kaachana na nani, mkuu wa shule kanunua gari gani. Baba yake, Curtis, mwana wa Redio, huendesha lori na hurudi Ijumaa. Mama yake ni muuguzi mjini, zamu za mchana, saa kumi na mbili kila moja. Kwa hiyo mtoto ni wa Redio, Jumatatu hadi Ijumaa, na Redio hajawahi kuomba zaidi ya hapo. Sasa Loretta anataka kumnyang'anya.

— Hebu nieleze tena, akamwambia Mheshimiwa. Kumzuia mtoto asiende, hamuwezi?

— Hatuwezi. Sheria imetufunga mikono.

— Ila basi mnaweza.

— Basi tunaweza. Kifungu cha kumi na saba. Basi la wilaya nyingine haliingii kwetu bila bodi yetu kupiga kura ya kuliruhusu. Wako watatu wanataka, wawili hawataki, na mimi.

— Na wewe ukikataa?

— Tatu kwa tatu, hoja imekufa. Basi lao linageukia pale kwenye daraja la mpakani.

— Kula kimoja tena, Mheshimiwa.

Breki akacheka hadi kahawa ikamwagikia suruali.

— Mimi namuunga mkono shemeji, akasema, ila kwa sababu zangu. Mwaka wa themanini na saba, theluji imefika magotini, sioni hata pua ya basi, niligeuzia upande wa Garnet. Mita nne ndani ya mpaka. Nne tu. Wiki iliyofuata bodi yao ikaniandikia barua ya onyo, nimekanyaga ardhi yao bila idhini. Ninayo hadi leo.

— Tunaijua barua yako, Mheshimiwa akasema. Umeiwekea fremu.

— Basi nao waonje. Na nyie hamjiulizi sheria hii imetoka wapi? Mimi nawaambia, imeandikwa na wauza mabasi. Kila mtoto akienda shule ya mbali, kila wilaya itahitaji mabasi mara mbili.

— Acha hizo, Breki. Mambo ni makubwa kuliko mabasi, Mheshimiwa akasema, akiinama kana kwamba sanduku la barafu lina masikio. Wanataka tuishe. Leo mtoto mmoja, kesho kumi, keshokutwa wanasema Vesely hakuna watoto, tuunganishwe na Garnet. Shule moja, jina lao. Timu yetu ya Nyegere inazikwa. Mjukuu wako, Ardith, atavaa fulana ya Mwewe wao.

— Mwewe, Breki akatema mate. Ndege wa kula panya.

— Na jengo letu watafanya ghala la mahindi.

— Nyote wawili hamjui kitu, Redio akasema.

Akajiweka sawa. Alipojiweka sawa namna ile, hata wanaojaza mafuta walipunguza mwendo wa kufunga matangi yao.

— Sheria hii kaiandika Loretta.

— Sasa hapo unatupiga kamba, Breki akasema.

— Sikiliza wewe. Loretta ana binamu, yule mwenye jicho moja dogo. Huyo binamu ananyoa nywele kwenye jengo la bunge. Mbunge akikaa kwenye kile kiti, wembe uko shingoni, utamkatalia kitu? Nimeuliza. Desemba Loretta alikwenda kule mara mbili. Alibeba nini? Kolache. Trei tatu. Za unga wa paketi, lakini wabunge watajulia wapi? Januari, sheria imepita.

— Mama mmoja wa Garnet kabadilisha sheria ya jimbo zima, ili ampate mtoto wa darasa la saba? Breki akauliza.

— Humjui Loretta. Siku ya ubatizo wa Brynn nilimshika mtoto dakika sita. Sita. Picha ziko kumi na tisa, yeye yumo kumi na nne, kila mahali ameshika yeye, mimi natokea bega. Mtoto alipoanza mieleka mimi nilisema ataumia shingo. Loretta akafanya nini? Akanunua mkeka wa mieleka, akautandika chini kwake, sebule nzima. Mwanamke ana goti la bandia, anamwambia mtoto, njoo nishike mguu.

— Alishikwa? Mheshimiwa akauliza.

— Alishikwa, akaangushwa, wakacheka wote wawili nusu saa. Brynn mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasimulia huku anakula mkate wangu.

Hapo sauti ya Redio ilipungua kidogo, akajifanya anatafuta leso. Breki akatazama barabara. Miaka mingi nyuma ya usukani ilimfundisha wakati wa kutazama barabara.

— Na kitu kingine, Redio akaendelea. Juzi nimempikia supu ya tambi. Kala, kashukuru, halafu kaniuliza kwa nini sitii matonge ya maini kama ya Nana. Nana ndiye Loretta. Hivi tangu lini supu yangu ikawa na upungufu? Marehemu alikula miaka arobaini na nne.

— Kaka yangu alikuwa hana ladha, Breki akasema. Mungu amlaze pema.

— Funga mdomo, shemeji.

Mheshimiwa alikuwa kwenye kolache ya nne. Akaifuta midomo, akaikunja ile karatasi ya majina, akaitia kwenye mfuko wa koti.

— Ardith, umeshinda. Leo saa moja jioni nasema hapana. Basi la Garnet halivuki.

Redio akafumba macho. Akamwona Loretta kasimama dirishani kwake na sufuria ya matonge, anangoja basi ambalo halina mtoto. Ikamtia raha hiyo picha kuliko kahawa.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka mpeleka barua mpya, Marisela Ochoa, na kikombe cha karatasi mkononi. Alikuwa na wiki mbili tu kwenye kazi ile, na tayari alizijua nyumba zote kwa barua zake. Alikuwa amesimama ndani ya mlango muda mrefu, akingoja kahawa ipoe, na kioo cha duka lile hakizuii maneno.

— Samahanini wazee wangu. Mama Sobotka, yule binti wa nyumba ya bluu ndiye mjukuu wako?

— Ndiye, mwanangu. Umemwona? Mabega kama ya baba yake.

— Nimemwona. Ndiye aliyenisainia ile barua ya Garnet Jumatano. Aliirukia. Na mama yake namkuta anatoka kwenda zamu alfajiri, macho mekundu. Baba yuko barabarani.

— Wote hao ni wangu, Redio akasema kwa fahari.

— Basi nauliza tu, mimi mgeni. Mtoto kashakubaliwa, ataenda, hamuwezi kumzuia. Wa kumpeleka kwa gari kila siku hayupo. Sasa basi likikatazwa, siku za shule atakuwa analala wapi?

Redio akaichukua sahani kwenye mapaja ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa akachungulia kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Breki, ambaye hujibu hata maswali ya kwenye televisheni, akageuza kichwa upande wa Garnet. Aliiona ramani yote kichwani: daraja la mpakani, maili ishirini na mbili, na mwisho wa maili hizo sebule yenye mkeka. Lori moja likapita na harufu ya mbolea. Marisela aliona amekosea kitu, akasema uwe na siku njema mama, akaenda zake kwenye gari la barua.

Mikono ya Redio ilikuwa imeshika sahani tupu kama usukani.

— Shemeji, Breki akasema polepole. Ukilizuia lile basi...

— Nimesikia.

— Jumatatu hadi Ijumaa...

— Nimesikia, Delbert. Masikio ninayo.

— Na likija? Mheshimiwa akauliza. Hebu tupige hesabu. Mazoezi yanaisha saa kumi. Basi linafika Vesely saa kumi na moja na robo.

— Linasimama wapi?

— Litasimama pale basi la shule linaposimama siku zote. Kwako.

Redio akafikiri. Saa kumi na moja na robo hadi saa kumi na mbili ni dakika arobaini na tano. Mkate mmoja, habari tatu, nne akiongea haraka. Si kama zamani. Lakini habari zenyewe zitakuwa za shule ya Garnet, mji mzima asioujua, na ndani yake huenda zikapatikana habari za Loretta.

— Mheshimiwa, nipe hiyo karatasi.

— Ya nini? Si nimeshakubali?

— Nipe.

Akampa. Redio akainua paja, akaiweka chini yake, akaikalia.

— Leo usiku unasema ndiyo.

— Ardith, nimekula kolache nne za kusema hapana.

— Ndani zilikuwa na jamu tu. Unasema ndiyo.

— Na watu wako? Breki akauliza. Sitini na watatu wamesaini basi lisivuke. Umewatoa hadi kwenye kiti cha daktari wa meno. Leo jioni watajaa ukumbini kumpigia kelele Mheshimiwa. Utawaambia nini?

Redio akasimama, akaitia karatasi kwenye mkoba, akakitundika kikombe chake kwenye msumari. Akatazama barabara ya kanisani, huku, na ya saluni, kule, akipima ni ipi itafikisha habari haraka zaidi.

— Nitawaambia ukweli, akasema. Kwamba Loretta anaomba usiku na mchana lile basi lisivuke. Hadi saa sita mchana watakuwa wamesaini upya, basi livuke.

Akachagua saluni.