Fimbo Isiyotua Mchangani

Marehemu hakutua fimbo mchangani. Kanuni ya gofu ni fupi: mpira ukiingia bankani, lile shimo la mchanga, mchezaji haruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo kabla ya kupiga. Akigusa, anaongezewa mapigo mawili. Wengi huishika kanuni hiyo mbele za watu. Yeye aliishika hata alipokuwa peke yake.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu ukimwambia kaa, atakuuliza akae mpaka lini."

Alisoma shule ya msingi na sekondari karibu na nyumbani, akahitimu stashahada ya ualimu wa michezo mwaka 1979. Alifundisha shule kwa miaka minne, kisha Januari 1984 akaajiriwa na klabu ya gofu kuwa mwalimu msaidizi.

Sifa yake ilikuwa banka. Siku moja mfanyabiashara mmoja mnene alipiga na kupiga, mchanga ukamjaa hadi masikioni, mpira haukutikisika.

"Mwalimu, mpira huu umeota mizizi!"

"Mizizi umeota wewe, mzee. Achana na mpira. Zamisha miguu, lalisha uso wa fimbo, piga mchanga ulio nyuma yake. Na mkono usisimame njiani."

Akapiga. Mpira ukatoka umebebwa na mchanga kama abiria. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu. Waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, jiko likiwa kibarazani.

Agosti 1991 klabu ilitangaza kwamba msaidizi atakayeshinda mashindano ya walimu atakuwa mwalimu mkuu, na atapewa nyumba iliyo ndani ya uwanja. Watoto walikwisha gawana vyumba vya nyumba hiyo. Kwenye tundu la mwisho, Marehemu akiongoza kwa pigo moja, mpira wake uliingia bankani. Alipovuta fimbo nyuma, ncha ikaparuza mchanga. Ukingo wa banka ulimficha, hakuna aliyeona. Aliutoa mpira vizuri, akautumbukiza, watu wakashangilia. Ndipo akanyoosha mkono, akamwita mwamuzi, akasema alichofanya. Akashindwa kwa pigo moja.

Usiku huo mumewe alimuuliza, "Mama watoto, nani alikuona?"

"Aliyeshika fimbo."

Mume akaenda kuwaambia watoto kwamba hawahami. Baadaye ndiye aliyekuwa akiisimulia habari hiyo kwa wageni, kwa majivuno.

Mwaka 2016 mikono ya Marehemu ilianza kutetemeka. Daktari alisema maradhi hayo hayaponi. Fimbo aliyokuwa akiishikilia juu ya mchanga sasa ilicheza na kugusa. Wenzake wakamwambia, "Dada, gusa tu, tunacheza kirafiki."

"Mchanga haujui urafiki," akajibu.

Hakuacha mchezo, wala kanuni. Alijifunza upya akiwa na miaka karibu sitini: anapima pigo lake akiwa nje kwenye nyasi, anaingia, anazamisha miguu, anapiga papo hapo, kabla mkono haujapata nafasi ya kutetemeka. Mwanzoni alikosa sana, akaanguka mara kwa mara, akainuka akijikung'uta. Alifundisha mpaka mwaka 2022, bado msaidizi.

Homa ya mapafu ilimlaza Januari mwaka huu. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, katika vile vile vyumba viwili, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tusimsifu leo, kisha kesho tukatafute ukingo wa kujificha.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na kaka mmoja. Mungu ampe pumziko lenye amani. Neno lake moja la kweli lilimgharimu cheo, na nyumba ambayo watoto wake hawakulala ndani yake hata siku moja.