Wasifu wa Deodata Bigirimana, Fundi Aliyepima Njia ya Kupandia Treni

Deodata Bigirimana, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 hapa nyumbani kwake Nyamigogo, aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu, kwa sababu watu watakuwa wamesimama juani. La pili, kosa lake lisomwe. Kaka yake Renatus, aliyeandika maneno haya, aliona aibu juu ya hilo la pili na akataka kuliruka. Venance, mume wa marehemu, alikataa katakata. Kwa hiyo mtalisikia.

Deodata alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kata ya Mbuba, wilayani Ngara, mtoto wa nne wa mzee Bigirimana, ambaye naye ametangulia, na mama Adelfina, ambaye tunaye hapa. Alibatizwa Rulenge akiwa na wiki tatu. Mwaka 1974 alishikwa na homa, na baba akampeleka hospitali kwa machela yetu ya kienyeji, ile ingobyi, wanaume wanne wakipokezana mabegani. Alipona homa, lakini miguu haikuamka tena. Ulikuwa ugonjwa wa kupooza, ambao siku zile uliwapitia watoto wengi wa vilima vyetu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1981 akiwa na miaka kumi, kwa sababu ilibidi kwanza Renatus apate mgongo wa kutosha kumbeba. Alimbeba kila siku, kwenda na kurudi, na njia nzima Deodata alikuwa akimfinya sikio kila alipokanyaga ovyo. Siku moja wakati wa kurudi, Renatus alimtua kando ya shamba la kahawa, akaenda kucheza mpira, na mpira ulipokwisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Mama alimwuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Ndipo akakumbuka. Walimkuta amekwisha kutambaa nusu ya njia, magoti yanavuja damu. Hakulia. Alisema tu, "Kusahauliwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kusubiri mtu." Renatus amelibeba neno hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, na ni zito kuliko alivyokuwa dada yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1987, kisha akajifunza ushonaji kwa masista wa Rulenge kuanzia 1988 hadi 1990. Alishona kwa cherehani cha mkono, maana cha miguu hakikumfaa, na akawa fundi wa kutegemewa: sare za shule, magauni ya komunyo, suti za maharusi ambazo wenyewe waliwaazima ndugu mpaka zikachakaa. Kabla ya kukata kitambaa alimpima mteja mara mbili. Mtu aliyetuma vipimo kwa mdomo alirudishwa. "Mwili hautumwi," alikuwa akisema, "njoo nao mwenyewe."

Tarehe 24 Julai 1999 alifunga ndoa na Venance, mkulima wa hapa Nyamigogo, aliyekwenda Rulenge kushonesha suruali akarudi mara tano kulalamikia pindo ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Ukoo wa Venance ulikuwa na maneno. Shangazi mmoja aliuliza mbele ya kikao, "Huyu atachota maji vipi?" Venance akajibu, "Shangazi, nimekuja kuoa. Maji naijua njia yake." Mungu aliwajalia watoto wawili, Suzan na Ansbert. Venance alichota maji kwa miaka ishirini na mitano, na shangazi huyo ndiye aliyekuja kuwa rafiki mkubwa wa marehemu.

Sasa tufike kwenye reli. Mwezi Agosti 2016 Deodata alikwenda Tabora kwenye mkutano wa watu wenye ulemavu. Alipanda basi Nyakanazi, na mbele ya safari akashuka ili aunganishe safari kwa treni kwenye kituo kimoja kidogo upande wa Shinyanga. Jukwaa la abiria lilikuwa na ngazi tupu, na mlango wa behewa ulikuwa juu mno. Wapagazi wawili wakamnyanyua, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Gauni likapanda hadi mapajani, na watu waliojaa pale waliona. Baiskeli yake ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, ikapita dirishani. Alipofika nyumbani alimwambia Venance, "Nimepakiwa kama gunia la maharage." Alikuwa na miaka arobaini na mitano, mke na mama, na kwa wiki nzima hakugusa cherehani.

Kisha akaandika barua. Hakujibiwa, akaandika nyingine, na nyingine. Mwaka 2021 kituo kile kilipoanza kukarabatiwa, msimamizi wa ujenzi, mhandisi Rwekaza, alizikuta barua hizo kwenye faili akampigia simu kumwomba ushauri. Hapakuwa na malipo yoyote. Deodata aliweka futi yake ya ushonaji shingoni, akafunga safari. Alikwenda mara saba kwa mabasi, na kila mara alipanda basi kwa kunyanyuliwa, akivumilia ili siku moja asinyanyuliwe kuingia kwenye treni. Hicho ndicho alichokitaka maishani: kuingia behewani kwa mikono yake mwenyewe, akae, aende.

Alipima kila kitu: upana wa lango, kimo cha dirisha la tiketi, mahali mkono unapofika mtu akiwa amekaa. Zile ngazi zilibadilishwa kuwa mteremko wa zege, na jukwaa likainuliwa hadi usawa wa behewa. Rwekaza alitaka kuweka mabomba ya kushikia pande zote mbili pamoja na ukingo pembeni. Deodata alikataa. Mabomba yangemchubua vidole anapozungusha baiskeli, na ukingo ungenasa gurudumu. Fundi akasema, na wajenzi wakafuata. Oktoba 2022 alipanda mteremko ule peke yake hadi juu, na akina mama wauza maembe wakapiga vigelegele. Treni ilikuwa bado haijaanza tena kusimama pale. Aliahidiwa kuwa abiria wa kwanza, tarehe 12 Desemba, na gauni la safari akalishona.

Mwezi Novemba mzee Shibuda, msokota kamba asiyeona, alikuwa akishuka mteremko ule. Fimbo yake ilitafuta ukingo isiupate, mkono wake ukatafuta bomba usilipate. Alianguka mtaroni akavunjika nyonga.

Rwekaza alipomweleza kwa simu, alimwambia ni ajali tu, asijitese. Deodata alipanda basi siku ya pili akaenda mpaka nyumbani kwa mzee huyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni yule fundi. Mimi ndiye niliyesema mabomba yasiwekwe."

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ile. Hakumgombeza. Aliuliza tu, "Fundi, mimi ulinipima lini?"

Deodata alisimulia baadaye kwamba amewahi kutoboa kidole kwa sindano mpaka mfupani, lakini swali lile lilimwuma zaidi. Alikuwa amepima mwili mmoja, wake, akawakatia watu wote nguo. Hilo ndilo kosa aliloagiza lisomwe, nasi tumelisoma.

Kutoka kwa mzee Shibuda alikwenda moja kwa moja kwa Rwekaza akamwambia abomoe.

"Mama, tuweke kamba kwa muda," Rwekaza alimsihi. "Nikibomoa sasa, mafundi watahamishiwa kazi nyingine, na kurudi kwao ni mwaka, huenda miwili. Desemba hutapanda. Na wewe unapita vizuri."

"Mimi napita. Bomoa."

Hakumwambia kwamba mwezi Septemba daktari alikuwa amemweleza hali ya figo zake. Hata Renatus hakuambiwa. Aliyejua ni Venance, naye alikatazwa kusema. Deodata aliporudi Nyamigogo alilikunja lile gauni la safari akaliweka sandukuni, akaendelea na sare za watoto. Venance anasema usiku ule hakumsikia akilia, ila asubuhi mto ulikuwa umelowa. Tunajua alichokitoa siku ile, na tukiri kwamba inatuuma kwamba ilibidi akitoe yeye.

Mafundi walirudi baada ya miaka miwili, wakati Deodata hawezi tena kukaa kwenye baiskeli. Aliwaelekeza kwa simu, na pale kituoni mzee Shibuda, aliyekuwa amepona akabaki anachechemea, alikuwa mwili wa pili wa kupimia. Wawili hao walibishana kama watoto wa tumbo moja. Mzee akitaka bomba, Deodata alitaka lisogezwe nje kwa kiganja kimoja ili vidole vipone. Mzee akitaka ukingo, alikubali, mradi njia ipanuliwe.

Kuanzia Aprili 2024 mwili wake ulivimba, kisha pumzi zikawa fupi. Alitibiwa kwa miezi kadhaa, na Januari mwaka huu aliomba apelekwe hospitali ya Rulenge, awe karibu na mama. Suzan alikaa naye. Tarehe 28 Januari, siku kituo kilipofunguliwa, simu iliita saa nne asubuhi. Suzan akaweka sauti kubwa. Alikuwa mzee Shibuda, yuko chini ya mteremko, anauliza kama aanze.

"Anza, baba," Deodata alisema. "Mkono uko wapi?"

"Kwenye bomba."

"Fimbo?"

"Inagonga ukingo. Napanda. Hapa kwenye kona bomba limepinda, nimelifuata. Sasa niko sawasawa. Nimefika mlangoni."

"Nani amekushika?"

"Hakuna mtu aliyenishika. Nimeingia. Nimekaa, fundi."

Deodata alifumba macho. Suzan alidhani amelala, akanyoosha mkono akate simu, lakini mama yake akamzuia.

"Umekaa dirishani, baba?"

Mzee Shibuda alicheka. "Dirisha la nini kwangu mimi?"

"Basi sogea kidogo," Deodata akamwambia. "Nishikie nafasi."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Treni ile hakuwahi kuipanda kwa mikono yake mwenyewe.

Marehemu ameacha mume, Venance, watoto, Suzan na Ansbert, wajukuu watatu, mama yake mzazi, Adelfina, kaka yake Renatus na ndugu wengine wanne. Mzee Shibuda yuko nasi. Alifika jana kwa treni na basi, na alituomba tuwaambie kwamba tangu kule kituoni mpaka alikoshukia hakuruhusu mtu akae pembeni yake. Kila aliyemwuliza alijibiwa kuwa siti ile ina mwenyewe.

Bwana ampokee Deodata, ampe amani na pumziko la milele.