Naftali Mwakio na Mtihani wa Wiki Tatu Botswana

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, tarehe 30 Juni 2025 Bwana Naftali Mwakio, mkuu wa madereva wa kampuni yetu ya viyoyozi hapa Jeddah, Saudia, anarudisha funguo za lori. Lori tumelikagua, liko katika hali nzuri kuliko mwandishi wa wasifu huu, ambaye hushughulikia ikama, yaani vibali vya ukaazi, za wafanyakazi na hupanda ngazi kwa kupumzika.

Naftali alikuja kutoka Voi, akaanza kwa kuosha malori. Muda si muda akapewa usukani, na tangu hapo viyoyozi vyetu vimesafiri naye Jeddah hadi Riyadh bila hata kimoja kupasuka. Wapagazi wa mtaa wa Balad humtambua kwa honi kabla hawajaliona lori. Madereva aliowafundisha wanamjua kwa neno moja, yalla, yaani twende, na kwa sheria moja: abiria hana maoni. Niliwahi kumshauri njia tukielekea mtaa wa Sharafiya. Alinishusha kwenye mataa, nikamalizia kwa teksi.

Sheria hiyo nusura imponze. Alipotangaza nyumbani kwamba anastaafu, mkewe, Damaris, hakupiga vigelegele. Mume wa likizo ya mwezi mmoja alikuwa amemzoea, ila wa mwaka mzima hakumjua. Akatoa sharti: "Kwanza tukae ndani ya gari moja wiki tatu, wewe ukiendesha. Nikishindwa nawe, ongeza mkataba hukohuko kwa kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini. Na uje na shahidi."

Shahidi nikawa mimi.

Basi Agosti mwaka jana tulikutana Maun, Botswana, tukakodi pikapu yenye mahema juu ya paa, tukaingia mbuga ya Moremi na kushika njia ya kaskazini, wenyewe bila kiongozi. Nilikaa nyuma na jiko la gesi. Kule usukani uko kulia, na Naftali aliyezoea wa kushoto aliwasha waipa kila kona badala ya indiketa, chini ya anga lisilo na hata wingu. Nilimwona Damaris kwenye kioo akitikisa kichwa. Kwenye mchanga mzito mzee alijirekebisha: akapunguza upepo wa matairi kama tunavyofanya jangwani, tukapita vizuri, hata akawavuta watalii waliokwama.

Halafu, tulipofika Savuti, tembo dume akasimama katikati ya njia.

Kwenye barabara ya Riyadh, ngamia akiziba njia unapiga honi, naye anasogea. Naftali akapiga honi. Akarudia. Tembo akatanua masikio na kutujia.

"Baba Fidel, acha honi," Damaris akasema kwa sauti ya chini. "Rudi nyuma. Polepole. Haya, simama hapo. Usiguse kitu."

Miaka yote ambayo mumewe alikuwa Saudia, yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza tembo kwenye mahindi yao Voi. Naftali alifungua mdomo, nikajua sasa inakuja yalla. Haikuja. Alirudi nyuma alivyoambiwa, akasimama alipoambiwa. Tembo akatukodolea macho, akavunja tawi kwa hasira, akaenda zake. Maelezo haya ya mwisho nilisimuliwa, maana mimi nilikuwa chini ya turubai nikikumbatia jiko.

Jioni ile, kambini, Naftali alimwuliza mkewe habari za tembo wa shambani. Kumbe hakuwahi kuuliza. Akasikiliza mpaka ugali ukapoa.

Asubuhi shahidi nikaitwa. "Shemeji," Damaris akaniambia huku akikunja hema, "ukifika kazini waambie mkataba usiongezwe. Huyu mtu anaambilika."

Nimewaambia, shemeji, na halas, yamekwisha, wamekubali.

Naftali, asante kwa kila mzigo uliofika na kila dereva uliyemfunza akarudi salama. Ofisi itakuwa kimya mno bila wewe, nasi tutajifanya tumefurahi. Tunawaombea, wewe na Mama Fidel, miaka mingi ya kuamka nyumba moja.