Aliyezama Katika Sinema

Kamyo, lori tulilopanda, ilikuwa inateremka kutoka Fizi. Juu ya magunia ya mihogo, mama mmoja alimshika kijana mmoja mashavu yote mawili.

"Ni we, ule mutoto wa sinema ya bapadri! Ulizama katika ziwa, sisi bote tukaona. Nilikulilia, nikanyoa kichwa."

"Mama, ilikuwa muchezo. Nilitoka mu maji, bakanipa sukari. Lakini mpaka leo bavuvi banakataa nipande mutumbwi. Banasema ziwa iko inaningoja."

"Bwana yangu iko na mutumbwi, atakupandisha," mama akasema, bila kumwachilia.

Mimi nimezunguka nchi nyingi, lakini hapo nilisogea karibu nisikie.

Kamyo ikasimama Baraka, kando ya ziwa. "Baba, shuka wa kwanza," mama akamwambia kijana, "nione kama miguu yako inaacha alama katika muchanga. Mufu haachi alama."

Sote tukainama kuangalia.