Hapana ya Tatu

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, mwenye simu aizibe mdomo. Watu wa hadithi hii husema polepole na kwa sauti ya chini. Ukipiga chafya moja tu, umekosa nusu ya maneno yao.

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi refu mbele ya ghala la ushirika wa nafaka pale Nordby, Minnesota, karibu na mizani inayopima malori ya mahindi. Ndani ya ofisi mlikuwa na birika kubwa la umeme. Lilijazwa kahawa mara moja tu, alfajiri. Likikauka, baraza limevunjika, kila mtu kwake. Wenye benchi walikuwa watatu, wote wamesoma darasa moja, wote wamepita sabini. Delmar waliyemwita Rubani, kwa kuwa alirusha ndege ya kunyunyizia dawa mashambani wiki moja, hadi alipoitua juu ya banda la kuku. Verlyn waliyemwita Askofu, kwa kuwa alipiga kengele ya kanisa na akadhani hilo linampa haki ya kuhubiri. Na Ardis Tollefson, mjane, waliyemwita Breki, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kumwacha mtoto kwenye theluji.

Na mjue jambo moja. Nordby mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, msijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema hapana, jamani, nimetoka kunywa. Ya tatu ndiyo unanyoosha kikombe. Na kipande cha mwisho kwenye sahani hakichukuliwi na mtu. Hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe ya shomoro.

Asubuhi moja ya Aprili, theluji ikichuruzika mapaani, Ardis alikuja na sahani ya keki ya tende, akaiweka katikati ya benchi, akakaa kimya.

— Breki, mbona leo umejifunga breki mwenyewe? Rubani akauliza.

— Lyle anakuja saa nne.

— Kufanya nini?

— Kuniuliza mara ya tatu.

Wale wazee wakatazama vikombe vyao. Habari waliijua. Lyle, mwanawe wa pekee, alimpigia simu siku ya Pasaka: mama, hatuwezi kwenda kuiona ile nyumba ya kutunzia wazee kule mjini? Akasema hapana. Jumapili baada ya ibada akauliza tena. Akasema hapana. Lyle hakukasirika hata kidogo, maana amezaliwa hapohapo. Chumba alishakichagua, kinatazama maegesho ya magari. Alikuwa anangoja tu ya tatu.

— Anasema nasahau, Ardis akasema. Mara moja nimesahau sufuria jikoni ikaungua. Yeye nilimsahau lini? Miaka yote nilimbeba kwenye basi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Askofu akasema kwa upole.

— Hiyo imeingiaje hapa, Verlyn?

— Sufuria zetu tunaziweka mvunguni.

Ardis akamwachia hilo. Lililokuwa moyoni mwake lilikuwa jingine.

— Na wale wa chuo kikuu nao wamenitupa.

Wale wa chuo kikuu walikuwa wa mwaka 1963. Mwaka ule wanafunzi wote wa darasa la mwisho walikusanywa ukumbini wakaulizwa maswali siku mbili: maana za maneno, miraba ya kugeuzwa kichwani, baba anafanya kazi gani, wewe unataka kuwa nani. Ardis aliandika daktari wa mifugo. Tangu hapo, kila baada ya miaka kadhaa, wanapiga simu kujua nani amesoma mpaka wapi na nani anafanya nini. Safari hii walitaka kupima wazee haohao: damu, mapigo ya moyo, mwendo, kumbukumbu.

— Kijana akaniuliza, utapenda kushiriki? Nikasema hapana, msijisumbue.

— Sawasawa, Rubani akasema. Halafu?

— Halafu akashukuru, akakata simu.

— Hakuuliza tena? Askofu akashangaa.

— Hakuuliza tena.

— Watu gani hao, Askofu akasema, kwa sauti ya kutoa pole msibani.

— Mimi nilitaka kupimwa, Ardis akasema. Duniani hakuna mwingine aliyekipima kichwa changu nikiwa na miaka kumi na saba. Lyle ananilinganisha na sufuria. Mimi nataka kulinganishwa na mimi.

Rubani akaweka kikombe chini. Hapo ndipo maneno makubwa yalipoanza.

— Hamwelewi, jamaa zangu. Ile miraba ya kugeuza kichwani ilikuwa ya kuchagua watu wa kwenda mwezini. Walitukosa. Sasa wana safari ndefu zaidi, kwenye sayari nyekundu ile. Miezi na miezi mnakaa kwenye kopo, hamna la kusema. Kijana ataweza? Wanatafuta wazee wa Minnesota.

— Uende wewe na banda la kuku, Ardis akasema.

— Si hivyo, Askofu akasema. Wao wanaamini hesabu hurefusha maisha. Aliyesoma sana anaishi sana. Mimi aljebra nilipata sifuri. Kwa mahesabu yao nilipaswa kuwa maiti kitambo. Kila wakifungua mafaili yao wananikuta nipo. Nawaharibia kazi.

— Kwa hiyo wanakuja kukumalizia?

— Wanakuja kuniangalia kwa macho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu ninalo.

— Afadhali wewe wanakuona uko hai, Rubani akasema. Mimi pia nilisema hapana, msijisumbue. Kwao nimeshakufa. Ndiyo maana mwaka huu hata wauza bima hawanipigii.

Askofu peke yake ndiye aliyekuwa amekubaliwa, na si kwa akili yake. Simu ilipolia alikuwa anaoga, akapokea mkewe, na mkewe ni mtu wa Chikago. Alisema ndiyo papo hapo.

Ndiyo maana gari dogo likasimama mbele ya mizani, akashuka binti mwenye mkoba wa vipimo. Jina lake Marisol Baca, ametoka kusini kwenye nchi ya jangwa, anatafuta Bwana Verlyn.

— Huyu hapa, bado hai, Rubani akasema. Kahawa, binti?

— Ndiyo, asante. Na keki hii inanukia vizuri.

Akachukua kipande palepale. Rubani akageuza uso pembeni, kama mtu aliyemfumania jirani anavua shati. Askofu, kwa kutojua afanye nini, akala vipande viwili mfululizo.

Ardis hakugeuka.

— Binti yangu, wewe ndiye unayepima kumbukumbu?

— Mimi, mama.

— Zile karatasi za mwaka 1963 zilikuwa za mambo ya shule. Zinamhusu nini mzee na presha yake?

Marisol akakaa ukingoni mwa benchi.

— Walioziandika hawakufikiri uzee kabisa, mama. Walitaka kujua nani asome nini. Lakini sasa watu wanazeeka, wengine kichwa kinashika hadi mwisho, wengine kinaachia mapema, na hakuna ajuaye sababu. Ukitaka kujua lazima umjue mtu tangu ujana wake, na ujana huwezi kurudi kuupima leo. Ninyi mlishapimwa. Ndiyo maana kila mmoja wenu akipotea, hatuna wa kuweka mahali pake.

— Na majibu mnampa nani?

— Hatumpi mtu. Si daktari, si mtoto wako. Hata wewe hatukuambii.

Ardis akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

— Hata Lyle akiomba?

— Hata akilia.

— Wilaya hii inatuumiza, Marisol akaendelea. Katika jimbo zima hakuna watu waliokataa kama hapa. Profesa wangu anasema mna hasira na chuo. Na mtu akikataa, sheria yetu ni kumheshimu. Haturudi kumbembeleza.

— Hasira, Rubani akasema, amechomwa kweli. Binti, hakuna aliyekataa. Tulisema hapana tu.

— Mgeni siku mbili, Askofu akamfafanulia. Ya tatu mpe keki.

Marisol akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza swali lake, la kawaida kabisa:

— Sasa mtu wa hapa akisema hapana na amemaanisha hapana, anasemaje?

Askofu akatafuta methali, hakuipata hata isiyofaa. Lori likapimwa, likaondoka. Wameoana na kuzikana hapo Nordby miaka yote, na neno hilo hawakuwa nalo.

— Mimi sikuulizi, mama, Marisol akamwambia Ardis. Sheria hainiruhusu. Lakini wewe ukitaka mwenyewe, hainikatazi.

Kuomba mwenyewe! Mama yake Ardis angeinuka kaburini. Ardis alihisi masikio yakiwaka moto, kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa.

— Nataka, akasema. Niandike. Niandike leo, na usiniulize mara mbili.

— Breki, Rubani akanong'ona.

— Nyamaza, Delmar. Nawe unataka, ila unangoja kubembelezwa. Utangoja kaburini.

Pikapu ya Lyle ikaingia uani saa nne kamili. Ni mtu mpole, mnene, alivua kofia kabla hajafika.

— Hamjambo wazee. Mama, nimekuja. Twende tukaione tu ile nyumba?

Kwenye sahani kilibaki kipande kimoja. Kilikuwa kizima, hakijakatwa nusu. Ardis akakichukua. Akakiuma mbele ya macho yao wote, akatafuna taratibu, akameza, akapangusa vidole.

— Hapana.

Lyle akaigeuza kofia mikononi.

— Mama, hii ni ya tatu.

— Kuhesabu najua. Nilikuwa nakuhesabu kwenye basi kila asubuhi.

— Na moto je? Ile sufuria? Mimi silali usingizi, mama.

Hapo sauti ya Ardis ikalainika, lakini yeye mwenyewe hakulainika.

— Hofu yako naipokea, mwanangu. Kwangu sitoki. Niletee Jumapili king'ora cha moshi, ukifunge wewe mwenyewe, kilie mpaka ukisikie kwako. Ukiniuliza ya nne, utakuwa hukulelewa na mimi.

Lyle akaitazama sahani tupu. Sidhani alikuwa amewahi kuona sahani tupu kabisa. Mwishowe akakaa benchini.

— Kahawa? Askofu akamuuliza.

— Hapana, msijisumbue.

— Imekwisha hata hivyo, Rubani akasema.

Basi wakaondoka. Ardis alipimwa mchana uleule mezani kwake, maneno ya kukumbuka, damu, mwendo wa kwenda mlangoni na kurudi. Alifanya vizuri au vibaya, hakuambiwa, na hakuuliza. Rubani alijiandikisha kiangazi, baada ya kuzunguka nyumba mara kadhaa kabla ya kupiga simu.

Ardis aliishi kwake na akafia kitandani kwake, king'ora juu ya mlango wa jiko. Lyle alirithi nyumba na ufunguo wa basi lililokwisha kuwa chuma chakavu. Marisol alirithi sahani. Nafasi ya katikati ya benchi aliirithi Lyle vilevile, alipostaafu. Chuo kikuu kilirithi ubongo, kama alivyotaka mwenyewe; walimpigia Lyle simu kupata kauli yake, na akasema ndiyo mara ya kwanza. Na kile kipande cha mwisho hakuna aliyekirithi, maana mwenyewe alikwisha kukila.