Hana Gerson Ndahani, Daktari Aliyekataa Nyama ya Mahari Yake

Hana alizaliwa Mvumi tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Gerson na Mama Angelina. Alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa shingo.

Alisoma hapo hapo Mvumi, kisha udaktari wa mifugo Morogoro, akahitimu mwaka 2005. Aliajiriwa Dodoma kuchunguza virusi vinavyotoka kwa mifugo na kuingia kwa binadamu, hasa homa ya Bonde la Ufa.

Mwaka 2007, homa hiyo ikiwa imepamba moto, mchumba wake Ernest alileta mahari. Ng'ombe walipofikishwa kwa Mzee Gerson, mmoja akatupa mimba. Wazee wakaamua achinjwe, nyama igawanywe kwa majirani kama ilivyo desturi. Hana akatoka ndani, jambo ambalo bibi harusi mtarajiwa hafanyi, akazuia kisu. Mzee Obedi, baba mkubwa wa Ernest, akafoka: “Ukikataa ng'ombe wetu, umemkataa na kijana wetu!”

“Shikamoo, baba mkubwa,” Hana akajibu. “Kijana nimemkubali. Lakini kutupa mimba ni dalili ya homa ya Bonde la Ufa; huyo ng'ombe ana ugonjwa unaoua watu.”

Wageni wakaondoka na ng'ombe wao, uchumba ukabaki unaning'inia. Hana alilia, lakini hakurudi nyuma. Kufika kwao, Mzee Obedi akamchinja yule ng'ombe na kumchuna kwa mikono yake. Haikupita wiki, homa ikamwangusha. Hana aliposikia, ndiye aliyemkimbiza hospitali na kumuuguza. Mzee akapona, ila jicho la kushoto halikuona tena. Ndoa ilifungwa Oktoba mwaka huo, wakahamia Nkuhungu, Dodoma mjini.

Mwaka 2023 Hana aligundulika na saratani ya ini. Hata hivyo alifundisha wanafunzi wa chuo kikuu huko Chimwaga mpaka nguvu zilipokwisha. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025.

Jana aliletwa ng'ombe wa msiba, amelegea, hataki maji. Vijana wakanoa visu, maana msiba bila nyama ni aibu. Mzee Obedi akawanyang'anya. “Hachinjwi mpaka apimwe,” alisema. “Hili jicho hamlioni?” Kisha akaketi chini akalia kwa sauti, akimwita Hana mwanangu. Basi leo waombolezaji tutakula wali na maharage, mtuwie radhi.

Hana ameacha mume, watoto wawili, Paulina na Silvano, mama yake mzazi, na Mzee Obedi, baba mkubwa wa mumewe.

Mungu ampokee Hana wetu, ampumzishe kwa amani.